Laini ya Marehemu

Simu ya Mohdhar ilizimwa siku ile ile aliyozikwa, kabla hata kahawa ya msibani haijapoa. Aliyeagiza izimwe ni mkewe, Bi Mardhiya, na hakuagiza kwa ubaya. Tangu asubuhi kidude kile kilikuwa kikilia chini ya mto: meneja wa nyumba ya wageni kule Shela akiulizia viti vyake sita, mwenye duka la mbao akitaka kujua mzigo uteremshwe wapi, na wengine ambao hawakuwa na habari, wenye sauti za watu waliolala vizuri. Kila kilipolia moyo wake uliruka kwanza kwa mazoea, kisha ukaanguka. Mara ya nane alimwita binti yake Hadil, akamwambia basi, yatosha. Hadil akaizima. Mardhiya akaiviringisha ndani ya kikoi cha mumewe, akaitia kashani pamoja na hati za nyumba, akapiga ufunguo.

Alikuwa ameingia eda. Miezi minne na siku kumi mjane hatoki nyumbani, hajipambi, na jinsi walivyofundishwa katika nyumba ile, hasemi na mwanamume asiye maharimu yake. Wako siku hizi wanaokaa eda huku wakiuza madira kwenye simu, wakitoa bei kwa sauti tamu. Mardhiya hakuwa wa kundi hilo. Miaka ishirini na minne Mohdhar alikuwa mume kamili, naye hakuona vipi amkalie nusu eda. Kwa hiyo simu iliyoweza kumletea sauti za wanaume chumbani aliifungia, na ndani ya nafsi yake alijiona ametenda jambo la heshima. Hakuna mtu mjini Amu angemwambia vingine.

Ndani ya simu hiyo mlikuwa na orofa ya Hadil.

Mohdhar alikuwa fundi wa vitanda, vile vya Kiamu vya miguu ya kukerezwa, ambavyo wenyeji wameanza kuvikimbia na wageni wanavilipia bila kuuliza bei mara mbili. Miaka minne nyuma alipata mteja wa ajabu kidogo, Mwalimu Kirimi, Mmeru aliyeletwa kufundisha hesabu katika shule ya sekondari. Mwalimu aliagiza kitanda kimoja cha futi tano, akaja kukikagua karibu kila siku kwa wiki tatu, na kwa kuwa hakuwa na la kusema kuhusu mbao alisema kuhusu pesa. Alimweleza fundi kwamba kuna mifuko ya uwekezaji mtandaoni. Unatuma kwa simu, hata shilingi mia tano, zinachanganywa na za wenzako, wenye ujuzi wanaziwekeza, na kila mwezi unaonyeshwa zimezaa kiasi gani.

Mohdhar alisikiliza huku akipiga randa, kisha akauliza swali moja: riba je? Mwalimu hakuwa na jibu, ila alikuwa mtu wa kutafuta majibu. Baada ya siku mbili alirudi na karatasi zilizochapwa zinazoeleza akaunti ya sukuk: pesa yako inanunua sehemu ya nyumba za kupangisha, nawe unapata fungu lako la kodi ya pango, si riba. Mohdhar akazibeba karatasi hizo hadi kwa sheikh wake, sheikh akazisoma kwa siku tatu, akasema hana pingamizi.

Lakini kilichomteka hasa si sukuk. Alitekwa na ile safu ya ushuru. Mohdhar aliuchukia ushuru kwa chuki ya kifamilia, ya kurithi kwa baba. Alilipia leseni ya karakana, alilipia mbao zilipoteremshwa gatini, alilipia kibao cha mlangoni chenye jina lake mwenyewe. Mwalimu alimwonyesha akaunti mbili kwenye kioo cha simu. Ya kawaida, kila faida ya shilingi mia serikali ilimega kumi na tano. Ya sukuk, kwenye mstari ule ule, iliandikwa sifuri. Mohdhar aliitazama sifuri ile mpaka kioo kikazima. Alimwambia mwalimu arudi kesho amfungulie.

Tangu hapo kila kitanda kilipouzwa, fungu lilikwenda mfukoni. Mwanzo wa kila mwezi alipanda ghorofani na simu mkononi, miwani puani, akamsomea mkewe: faida kadha, ushuru sifuri. Mardhiya alimcheka. Alimwambia shilingi themanini na mbili hazilipi hata mzigo wa punda mmoja wa mchanga. Mohdhar hakukasirika, alimwonyesha tena sifuri. Shilingi themanini na mbili zikawa mia tatu, mia tatu zikawa elfu, na kicheko cha Mardhiya kikapungua chenyewe.

Pesa zile zilikuwa na kazi moja. Binti wa Kiamu hatolewi kwenda kukaa kwa watu. Anapewa nyumba na wazazi wake, au orofa juu ya nyumba yao, na mume ndiye anayekuja na sanduku lake. Hadil alikuwa mtoto wao wa pekee, na alikuwa ameposwa na Amjad, kijana mpole anayeshika hesabu za hoteli moja kule Shela. Mohdhar alikwisha kuinua kuta za orofa kwa mikono yake na ya vibarua wawili. Zilibaki dari, ngazi, chokaa, choo na milango. Fundi mwashi alitaja laki mbili na thelathini, na siku aliyotaja, mfukoni mlikuwa na laki mbili na ishirini na ushei.

Kisha sukari ikamlaza. Siku ya pili hospitalini, kabla ulimi haujawa mzito, alimvuta mkewe kwa ncha ya mtandio.

"Zile pesa ni za orofa ya Hadil," alisema. "Zote. Namba ya siri ni mwaka tuliooana. Usizitie mdomoni mwa watu."

Mardhiya aliitikia. Siku ya nne akawa mjane.

Na hapa ndipo pa kusema ukweli wake bila kumpaka mafuta. Mardhiya alisoma chuo cha Kurani akiwa mtoto, na mirathi aliijua. Mume akifa na binti mmoja, mke ana thumni, yaani moja ya nane, binti ana nusu, na kilichobaki ni cha ndugu wa kiume wa marehemu. Maneno ya hospitalini hayabadilishi kitu, kwa sababu mrithi hausiwi, ila wenzake wakiridhia. Ndugu wa Mohdhar alikuwa mmoja tu, Harith, mshona matanga wa Kizingitini, mwenye watoto saba na paa linalovuja. Fungu lake lingekuwa shilingi elfu themanini na ushei. Toa hizo, na orofa ya Hadil inabaki bila dari.

Hakuamua kuiba. Aliamua tu kutosema. Alikuwa na miezi minne na siku kumi za kukaa na uamuzi huo peke yake, na katika miezi hiyo uliota mizizi.

Mwezi wa pili wa eda, Mwalimu Kirimi alikuja. Hakupanda, aliijua desturi. Alisimama dakani, pale penye mabaraza ya nje, akampa Hadil pole yake na kilo mbili za sukari, na akamwambia kuna neno muhimu juu ya simu ya marehemu ambalo angependa kumwambia mama mwenyewe, hata nyuma ya pazia. Hadil akauliza ni neno gani. Mwalimu akasema ni la mama tu. Mohdhar alikuwa amemwapisha kwamba mambo ya mfuko hatayatamka kwa mtu, hata kwa Hadil, kwa kuwa pesa za kuimalizia orofa zilikusudiwa zimshtukize.

Hadil alipanda kumweleza mamake. Mardhiya alikuwa juu ya mkeka wa swala. Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni kwamba mwalimu anajua zile pesa, na mwanamume anayejua habari za pesa akianza kuzungumza dakani, kesho mtaa mzima unazo.

"Mwambie mwalimu nimeshukuru," alisema. "Yambo la simu lingoje nitoke eda."

Hadil alishuka na jibu hilo. Mwalimu akatazama juu kwenye dirisha lililofungwa, akasema haya, ila asichelewe sana. Januari alihamishwa, akarudi bara. Neno aliloondoka nalo lilikuwa fupi mno, na lingeweza kusemwa kwa pumzi moja: iwasheni simu, mtie hata shilingi kumi, laini isilale.

Eda ilikwisha siku tatu kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Mardhiya alioga, akabadilisha nguo, akakaa tena nyumbani mwezi mzima, kwa sababu Ramadhani haikuwa wakati wa kushika mambo ya dunia, na kwa sababu, tuseme kweli, aliogopa kulifungua lile kasha. Kikoi bado kilikuwa na harufu ya mtu.

Waliomtoa huko ni watu wawili, mmoja baada ya mwingine, wiki ya kwanza baada ya Idi. Wa kwanza alikuwa Bi Ummu, mamake Amjad, aliyekuja na sahani ya visheti na maneno laini. Alisema hawamharakishi mtu, msiba ni msiba. Ila Amjad ameitwa kazi Mombasa, na asipokuwa na nyumba ya kukaa hapa Amu mpaka Idi ya kuchinja, ataikubali kazi ile, na ndoa itabidi ifikiriwe upya. Alilisema hilo la mwisho akitazama dari. Hadil, aliyekuwa akimimina kahawa, hakumwaga hata tone, na Mardhiya aliuona utulivu ule na ukamuumiza zaidi kuliko kilio.

Wa pili alikuwa Harith. Alikuja na mashua ya asubuhi kutoka Kizingitini, na kaa wanne ndani ya kikapu kwa ajili ya Hadil. Alikula, akaomba dua, akatazama chini.

"Bi Mardhiya, nauliza kwa sababu ya dhima tu, nisije nikaulizwa mbee ya Mola," alisema. "Kuna kitu cha kurithiwa ndugu yangu alichoata?"

"Hakuna," Mardhiya alijibu. "Ni hizo patasi na misumeno, na simu."

Harith akasema patasi awekewe Hadil, zitauzwa zimfae. Hakuuliza tena. Mardhiya alimsindikiza kwa macho akishuka ngazi na kikapu kitupu, akajichukia, na kesho yake asubuhi akalifungua kasha.

Simu ilichaji saa nzima ndipo ikawaka. Haikuleta vijiti vya mtandao, iliandika maneno fulani madogo kwamba laini haijasajiliwa, naye hilo hakulijali. Upande ule wa mtaa mtandao ulikuwa wa kubahatisha tangu zamani, na Mohdhar mwenyewe alizoea kupanda orofani, kwenye zile kuta zisizo na dari, ambako simu yake ilidaka intaneti ya nyumba ya wageni ya jirani. Mwenye nyumba alimpa ruhusa kama shukrani ya kitanda. Mardhiya akapanda. Akasimama pale palipokusudiwa kuwa chumba cha kulala cha binti yake, juu yake mbingu tupu na kunguru, na simu ikakumbuka mahali pake, ikaunganika.

Aliufungua mfuko. Akaandika mwaka wa ndoa yao. Zikaja: laki mbili, thelathini na nane elfu, mia sita. Tangu Mohdhar afe zilikuwa zimeendelea kuzaa kimya kimya, mwezi kwa mwezi, kana kwamba mwenyewe yuko karakana. Chini yake faida ya mwezi uliopita, na chini ya hiyo, ushuru: sifuri. Mardhiya akalia hapo kwa mara ya kwanza tangu Idi, kilio cha shukrani. Alimwambia mumewe kwa sauti kwamba amezikuta zote.

Kulikuwa na njia nyingine. Kwenda kwa Kadhi, kupata barua ya warithi, kupeleka cheti cha kifo, na mfuko ungelipa taratibu, pesa mikononi mwa wenyewe. Lakini barua ya Kadhi huandikwa na majina ya warithi wote, na la Harith lingekuwamo. Kidole chake kiliteremka mpaka palipoandikwa Toa. Mfuko ukamuuliza kiasi gani, akajaza zote. Ukamwambia pesa zitatumwa kwa nambari yako inayoishia na nne, moja, saba. Hiyo ndiyo nambari aliyoipiga kwa miaka kumi na mitano kuuliza kama chakula kipelekwe karakana. Aliijua kuliko umri wake. Akabonyeza Kubali.

Mfuko uliahidi siku mbili. Siku ya kwanza alikwenda kwa fundi mwashi, akamwambia atengeneze orodha ya boriti na chokaa. Hadil akamuuliza pesa zinatoka wapi. Mardhiya akamwambia babako hakukuata mikono mitupu, na yule binti alimkumbatia mamake kiunoni. Usiku ule alimsikia akicheka kwenye simu na Amjad, kicheko ambacho nyumba ilikuwa imekisahau.

Siku ya pili adhuhuri alipanda tena. Mfuko uliandika kwa kijani: imelipwa. Mahali pa salio paliandikwa sifuri. Alingoja ujumbe wa pesa kuingia. Aliizima simu, akaiwasha. Aliitoa laini, akaipangusa kwa ncha ya leso, akairudisha. Alasiri ilipoadhiniwa alivaa buibui lake, akaitia simu kifuani, akashuka kwenda njia kuu.

Kibanda cha pesa kilikuwa cha Kwamboka, mwanamke wa Kisii mwenye miaka minane Amu, anayejua siri za mtaa mzima na hajawahi kumwaga hata moja. Mardhiya alimpa simu, akamwambia mtandao umekataa. Kwamboka aliichomoa laini, akaijaribu kwenye simu yake mwenyewe, akaitazama, akamtazama mama.

"Hii laini ilizimwa lini?"

"Siku alipozikwa mwenyewe."

Kwamboka alihesabu kwa vidole, kisha akavificha vidole vile chini ya meza. Alieleza polepole. Laini ikilala miezi mingi bila kutumika, kampuni ya simu huifuta, na nambari ile hutiwa kwenye kadi nyingine mpya, ikauzwa dukani kwa mtu yeyote. Mardhiya alisikia kila neno na hakuelewa hata moja. Alichofanya ni kuitoa simu yake mwenyewe na kuipiga ile nambari, pale pale, mbele ya Kwamboka.

Iliita. Kwa miezi sita alijua kwamba nambari ile imekufa, na sasa iliita, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ikapokewa.

"Hello?" ilisema sauti ya mwanamume.

Kwa pumzi moja Mardhiya aliamini kwamba Mohdhar yu hai. Haielezeki, na aliyefiwa hahitaji kuelezwa. Pumzi ya pili akasikia kwamba ni kijana, wa bara, nyuma yake honi za pikipiki na mtu anayehubiri kwa kipaza sauti.

"Mwanangu," alisema, "hiyo nambari ni ya mume wangu."

"Hii laini nimenunua mwezi jana, mama. Pengine umekosea namba."

"Sikukosea. Leo kumeingia pesa humo. Laki mbili na ushei. Ni pesa za orofa ya binti yangu, babake amekufa. Nakuomba kwa jina la Mungu wako."

Kule upande wa pili mhubiri aliendelea. Mardhiya alimwona kijana kabisa, mtu asiye mwovu, mwenye kodi ya chumba na mama mgonjwa pengine, aliyeamka asubuhi hana kitu na adhuhuri akakuta Mungu amemjibu. Alimsikia akivuta pumzi kutaka kusema. Kisha simu ikakatwa. Alipopiga tena, sauti ya kike ilimwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Alipiga mara kumi na moja, na Kwamboka hakumzuia.

Aliuliza kama zinaweza kurudishwa. Kwamboka alimpa maji ya kunywa kwanza. Alisema wa kudai zirudishwe ni mfuko wenyewe, na mapema, kabla yule kijana hajazitoa zote. Mardhiya akasema basi tuwapigie. Kwamboka akawapigia, akasubiri muziki, akaeleza, akasikiliza, akafunika simu kwa kiganja.

"Wanasema wanataka cheti cha kifo, barua ya Kadhi na ripoti ya polisi," alisema kwa sauti ya chini. "Na mama, wanauliza. Mwenye akaunti alikufa mwaka jana. Nani alibonyeza?"

Mardhiya alinyoosha mkono, akaikata simu yeye mwenyewe. Alifunga uso, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma, ile ya punda, ili asikutane na fundi mwashi.

Siku tatu alisema anaumwa kichwa. Hakudanganya. Alilala akiutazama ukuta, akihesabu pale alipoweza kugeuka. Angemsikiliza mwalimu nyuma ya pazia. Angeacha simu ilie. Angelitaja jina la Harith. Kila mara alifika kwenye kidole chake mwenyewe na lile neno Kubali, na kila mara kidole kilibonyeza. Aliwaza kwenda polisi na kusema yote, akamwona Hadil akielekezewa vidole njiani: mamake alitaka kuwadhulumu warithi, Mungu akamuumbua. Aliwaza kunyamaza, akaiona Idi ya kuchinja inakuja. Hakupata njia ya tatu.

Siku ya nne, Alhamisi baada ya alasiri, Harith alirudi. Safari hii hakuwa na kikapu. Alikuwa amevaa kanzu yake ya Ijumaa siku isiyo Ijumaa, na bahasha mkononi, na alipanda ngazi kama mtu aliyebeba zawadi. Alimwomba Hadil naye akae. Mardhiya akaketi ncha ya kitanda, mtandio umemfika kwenye nyusi.

Harith alieleza kwa furaha, akijikwaa. Mwalimu Kirimi aliitafuta nambari yake, akampigia juzi kutoka Meru. Kule aliko hakuwa akilala vizuri kwa ajili ya neno aliloondoka nalo, mwisho ameona bora avunje kiapo kuliko haki ya yatima ipotee. Amemweleza habari za mfuko, na kwamba marehemu alikuwa akiikusanyia orofa ya Hadil. Harith hakungoja. Juzi ile ile alikwenda kwa Kadhi.

"Sikukulaumu, Bi, najua nawe hukuwa na habari nazo," alisema, akaitoa karatasi na kuiweka kitandani, kati yao. "Fungu langu nimemwatia mwana. Nimetia sahihi mbee ya mashahidi wawili. Kadhi asema mfuko utalipa kwa barua hii, simu haitakikani. Ukimwatia nawe thumni yako, zote ni za Hadil sasa, hata senti moya haigawanywi."

Hadil alijifunika uso kwa mikono yote miwili. Mabega yake yakaanza kutikisika, na Harith, mwenye watoto saba na paa linalovuja, akacheka kidogo kwa aibu ya mtu aliyefanya wema na kushikwa akiufanya.

Mardhiya aliitazama karatasi. Ilikuwa na mhuri wa rangi ya samawati na jina la Harith limeandikwa kwa mkono mzito, usiozoea kalamu. Aliona kwamba hata sasa angeweza kunyamaza. Wangeenda kwa mfuko, wangeambiwa, na yeye angeshangaa pamoja nao. Lakini alikuwa amechoka kuubeba peke yake, na yule mtu alikuwa bado anatabasamu. Aliingiza mkono kifuani, akaitoa simu ya Mohdhar, akaiweka juu ya karatasi.

"Zimekwenda," alisema.

Akawaambia. Hakuficha kitu, wala hospitali, wala thumni na nusu, wala ile alasiri kwenye kibanda. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Alipofika kwa kijana aliyekata simu, Hadil alikuwa ameondoa mikono usoni, na uso ule ulikuwa mkavu.

Harith aliichukua karatasi yake kutoka chini ya simu. Aliikunja mara mbili, kisha mara ya tatu, mpaka haikukunjika zaidi. Hakuonyesha hasira, na Mardhiya angetoa chochote aione hasira.

"Kwani ulikuwa ukiniogopa mimi, Bi?" aliuliza.

Hadil aliinuka, akapita kati yao, akapanda ile ngazi ya miti ya vibarua kwenda juu. Walisikia nyayo zake vichwani mwao, kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, kisha upande wa dirisha, kisha zikasimama. Harith alingoja kidogo kwa adabu, akasema mashua ya mwisho itamwacha, akatafuta viatu vyake.